Ngazi Iliyoondolewa: Tahakiki ya Usanifu na Historia ya Nyumba Namba 14 ya Mtaa wa Henrietta, Dublin

IKISIRI

Tahakiki hii inachunguza nyumba namba 14 ya Mtaa wa Henrietta, Dublin, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1740 kwa ajili ya watu wa tabaka la juu, ikageuzwa kuwa nyumba ya vyumba vya kupanga mwaka 1877, na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2018. Mkondo mkongwe wa uhakiki wa usanifu wa enzi hiyo huyatazama mabadiliko ya baadaye kama uharibifu wa kazi asilia. Tahakiki hii inadai kinyume chake: kwamba mabadiliko ndiyo sehemu ya jengo yenye maana nzito zaidi, na kwamba kuondolewa kwa ngazi kuu kunafichua uhusiano wa kitabaka uliokuwamo katika mpango wa nyumba tangu siku ya kwanza. Inahitimishwa kuwa wapangaji wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa waliolifanya jengo, wala si miongoni mwa waliolikalia tu.

1.0 Utangulizi

Mtaa wa Henrietta ni mfupi. Unaanzia Bolton Street, kaskazini mwa mto Liffey, unapanda kilima kidogo na kukomea nyuma ya jengo la King's Inns, taasisi ya mawakili wa Ireland. Luke Gardiner, mwenye benki na mwendelezaji wa ardhi, alianza kuujenga katika miaka ya 1720, na kwa muda mrefu ukawa makazi ya maaskofu, majenerali na wabunge. Nyumba namba 13, 14 na 15 zilijengwa kwa pamoja mwishoni mwa miaka ya 1740.

Nyumba hizi ni za mtindo wa Kijoji, yaani mtindo uliotawala ujenzi wa mijini nchini Uingereza na Ireland katika enzi ya wafalme wanne walioitwa George, waliofuatana kuanzia mwaka 1714 hadi 1830. Namba 14 ina jambo moja la kuzingatiwa. Ngazi yake kuu, iliyokuwa moyo wa mpango wa nyumba, haipo. Iling'olewa mwaka 1877, na nafasi yake ikawekwa sakafu na kugawanywa kuwa vyumba vya kupangisha.

Swali linaloongoza tahakiki hii ni hili: jengo likishabadilishwa kiasi hicho, mhakiki asome nini? Asome nyumba iliyokuwapo, ambayo sasa inapaswa kuundwa upya akilini, au asome nyumba iliyopo? Jibu la swali hilo huamua ukuta upi urejeshwe na upi uachwe, rangi ipi ikwanguliwe na ipi ilindwe, na hatimaye majina ya nani yatajwe pale mgeni anapouliza nyumba hii ilikuwa ya nani.

2.0 Mkabala wa Usomaji

Mhakiki yeyote aliyewahi kulinganisha miswada miwili ya utenzi mmoja anaijua changamoto hii. Upo mkabala unaotafuta matini asilia na kuyahesabu mabadiliko ya wanakili kuwa makosa ya kusahihishwa. Upo pia mkabala unaoyachukulia mabadiliko hayo kuwa ushahidi wa jinsi matini ilivyoishi: nani aliinakili, kwa ajili ya nani, na kwa nini beti fulani ziliachwa. Mkabala wa kwanza humtukuza mtunzi. Wa pili huwapa nafasi watumiaji.

Uhakiki wa usanifu nao umegawanyika hivyo hivyo. Tahakiki hii inafuata mkabala wa pili, ila kwa tahadhari moja. Kuyasoma mabadiliko kwa makini si kuyasifu. Mtu anaweza kutambua kwamba ngazi iliyong'olewa ina maana kubwa bila ya kusema kwamba ilifaa kung'olewa.

3.0 Nyumba ya Ngazi Mbili

Nyumba ya Kijoji ya Dublin haijionyeshi nje. Uso wake ni ukuta wa matofali ulionyooka, wenye madirisha yaliyopangwa kwa safu, na pambo pekee linaloonekana mara nyingi ni lile la mlangoni. Fahari yote imewekwa ndani. Namba 14 ina ghorofa nne juu ya ghorofa ya chini ya ardhi, na mpangilio wake wa awali ulimwongoza mgeni hatua kwa hatua. Mgeni wa heshima aliingia katika ukumbi mpana wenye kimo cha ghorofa mbili, akaiona ngazi kuu mbele yake, akaipanda huku akitazamwa, kisha akafika katika vyumba vya kupokelea wageni vya ghorofa ya kwanza, vyenye dari za juu na nakshi za plasta. Kupanda kulikuwa sehemu ya mapokezi. Mtu alijua hadhi ya mwenye nyumba, na hadhi yake mwenyewe, kwa kadiri alivyoruhusiwa kufika.

Mkazi wa kwanza alikuwa Viscount Richard Molesworth, mwanajeshi aliyekuja kuwa mkuu wa majeshi nchini Ireland, pamoja na mke wake wa pili, Mary Jenney Usher. Nyumba kubwa ya namna hii haikuweza kuendeshwa na wenyewe tu. Nyuma ya ngazi kuu kulikuwa na ngazi ya pili, nyembamba, iliyotoka ghorofa ya chini ya ardhi hadi juu kabisa. Hiyo ilikuwa njia ya watumishi: waliobeba makaa, maji, chakula na vyombo vya uchafu, na waliotakiwa kufanya hayo yote bila ya kuonekana.

Hapa ndipo penye kiini cha usanifu wa nyumba hii. Ngazi mbili hazikuwekwa kwa sababu ya wingi wa watu; ziliwekwa ili aina mbili za watu waishi chini ya paa moja bila ya kukutana. Uhakiki unaoishia kwenye nakshi za dari unasoma nusu ya nyumba, na ni ile nusu ambayo mwenye nyumba alitaka isomwe.

4.0 Kutoka Bungeni hadi Mahakama ya Madeni

Kuporomoka kwa mtaa kulitokana na siasa. Sheria ya Muungano ya mwaka 1800 ililivunja Bunge la Ireland, na kuanzia Januari 1801 wabunge wake waliketi London. Familia zilizokuwa na nyumba Dublin kwa ajili ya msimu wa Bunge hazikuwa tena na sababu ya kuwa nazo. Mwaka huo huo wa 1800 liliwekwa jiwe la msingi la King's Inns, jengo lililosanifiwa na James Gandon. Jengo hilo lilielekezwa upande wa pili, likaupa Mtaa wa Henrietta kisogo. Mawakili walichukua nafasi ya mabwana.

Katika namba 14, zamu hiyo ya sheria ilikuja na kinaya kizito. Baada ya Njaa Kuu iliyoanza mwaka 1845, wamiliki wengi wa ardhi walizama katika madeni. Sheria ya mwaka 1849 iliunda mahakama maalumu ya kuuza mashamba yenye madeni, na mahakama hiyo ikafanyia kazi zake katika nyumba hii. Vyumba vilivyojengwa kwa kodi za mashamba vikawa mahali pa kuyapiga mnada mashamba yenyewe. Mabadiliko makubwa ya kwanza ya matumizi ya nyumba, kwa hiyo, hayakuletwa na maskini. Yaliletwa na kufilisika kwa tabaka lililoijenga. Baada ya mahakama kuondoka, nyumba ikatumiwa na wanajeshi wa mgambo wa Dublin hadi katika miaka ya 1870.

Mfuatano huu una uzito kwa hoja ya tahakiki hii, kwa sababu unavunja hadithi iliyozoeleka ya nyumba kamili iliyoharibiwa ghafla na wapangaji. Wakati mpangaji wa kwanza anaingia, nyumba ilikuwa imekwisha kuwa ofisi na kambi.

5.0 Mabadiliko ya Mwaka 1877

Mwaka 1877 Thomas Vance aliinunua namba 14 na kuigawa katika makazi 19 ya kupangisha, yenye chumba kimoja, vitatu au vinne. Tangazo lake la mwaka huo liliwalenga watu wenye staha: liliahidi gesi, maji safi ya bomba kutoka mto Vartry, vyoo katika vituo vya ngazi, uwanja wa kuanikia nguo na jiko lenye tanuri kwa kila mpangaji. Kwa mizani ya wakati huo, hizo hazikuwa huduma duni. Vance hakuuza chumba cha umaskini. Aliuza chumba cha kisasa katika nyumba ya fahari.

Lakini hesabu ya upangishaji ina mantiki yake. Ngazi haitoi kodi, chumba hutoa. Ngazi kuu na ukumbi wake wa ghorofa mbili vilichukua nafasi kubwa ambayo haikumwingizia mtu senti, na kwa hiyo viliondolewa. Ngazi iliyobaki ni ile ya nyuma. Tangu hapo kila aliyeishi ghorofa za juu, mtoto, mzee, mama mwenye ndoo ya maji, alipita njia iliyokuwa imekusudiwa watumishi wa Molesworth.

Jambo hili linastahili kusomwa polepole. Vance hakubuni njia mpya ya kuishi ndani ya nyumba. Aliichagua mojawapo ya njia mbili zilizokuwapo na kuifuta nyingine. Aliyefutwa katika mpango ni mgeni wa heshima, na aliyebaki ni mbeba mzigo. Kwa namna hiyo, nyumba ya kupangisha haikuwa kinyume cha nyumba ya bwana. Ilikuwa nusu yake iliyofichwa, sasa imeenea hadi kuijaza nyumba yote. Mabadiliko yakafanya kazi ambayo ni nadra ukarabati kuifanya: yalionyesha wazi kilichokuwamo tangu mwanzo.

Wale wanaoomboleza ngazi kuu wana haki ya kuomboleza. Ilikuwa kazi ya mafundi stadi, na upotevu wake haufidiki. Ila maombolezo hayo yakisimama peke yake huacha swali moja bila ya jibu: ni nani aliyefaidika na nafasi iliyopatikana? Si wapangaji, waliolipia kila futi ya sakafu hiyo mpya. Wapangaji hawakuing'oa ngazi. Walikuta imeng'olewa.

6.0 Nyaraka Mbili za Wakati Mmoja

Mwaka 1908 iliundwa Dublin jumuiya ya kurekodi majengo ya Kijoji kabla hayajatoweka, nayo ikachapisha majuzuu matano kati ya mwaka 1909 na 1913. Ni kazi yenye thamani kubwa. Bila yake mengi yasingejulikana leo. Mkazo wake ulikuwa nakshi za plasta, ngazi, meko za mawe, na nasaba za watu mashuhuri waliowahi kuishi katika nyumba hizo.

Katika kipindi hicho hicho ilifanyika sensa ya mwaka 1911. Sensa hiyo ilihesabu watu 100 katika namba 14, na zaidi ya 850 katika mtaa mzima. Fomu zake ziliandika majina, umri, dini, kazi, na uwezo wa kusoma na kuandika. Fomu ya nyumba iliandika kila familia ilikuwa na vyumba vingapi. Wanawake walioolewa waliulizwa pia idadi ya watoto waliowazaa wakiwa hai, na idadi ya wale waliokuwa bado hai siku ya kuhesabiwa. Tofauti kati ya safu hizo mbili za tarakimu ni maelezo ya makazi kuliko mchoro wowote wa dari.

Nyaraka hizi mbili zinaelezea kuta zilezile kwa wakati uleule, lakini hazikutani. Ya kwanza ina jengo bila ya watu wanaoishi ndani yake. Ya pili ina watu bila ya jengo. Pengo kati yake si la bahati mbaya. Ni matokeo ya mgawanyo wa maarifa: usanifu ulihesabiwa kuwa elimu ya vitu vizuri, na umaskini kuwa suala la afya na takwimu. Septemba 1913 nyumba mbili za kupanga zilipoporomoka Church Street na kuua watu saba, uchunguzi wa serikali uliofuata ulibaini kwamba zaidi ya familia 20,000 za Dublin ziliishi kila moja katika chumba kimoja. Taarifa hiyo ilizungumzia kuta, paa na vyoo, yaani ilizungumzia usanifu, ingawa haikuitwa hivyo.

Pengo hilo lilirithiwa na vizazi vilivyofuata. Juni 1963 majengo makuukuu yaliporomoka Bolton Street, hatua chache kutoka Mtaa wa Henrietta, na Fenian Street, na kuua watu wanne, wawili kati yao wakiwa watoto. Mamlaka za jiji ziliharakisha kuwahamisha watu na kubomoa nyumba zilizohofiwa. Katika muongo huohuo safu ya nyumba 16 za Kijoji ilibomolewa Lower Fitzwilliam Street ili kupisha ofisi za shirika la umeme, huku watetezi wa uhifadhi wakipinga. Kwa baadhi ya Waayalandi, nyumba hizo zilikuwa alama za utawala wa kigeni zisizostahili machozi. Kwa wengine zilikuwa urithi wa taifa. Pande zote mbili zilijadili nyumba kama mali ya mabwana waliozijenga. Ni wachache waliouliza kama zilikuwa pia za wale waliokuwa wamezaliwa ndani yake kwa miaka takriban mia moja. Kitabu cha Kevin C. Kearns cha mwaka 1994, Dublin Tenement Life, kilichokusanya masimulizi ya waliokulia katika nyumba za kupanga, kilisaidia kuligeuza swali hilo.

7.0 Uhifadhi na Makumbusho

Familia za mwisho ziliondoka namba 14 mwishoni mwa miaka ya 1970. Halmashauri ya Jiji la Dublin ilianza mchakato wa kuinunua na kuiokoa mwaka 2000, na kazi ya uhifadhi chini ya wasanifu wa Shaffrey Architects ilidumu zaidi ya miaka kumi. Uamuzi mkuu wa kazi hiyo unastahili sifa: nyumba haikurudishwa mwaka 1750. Katika kuta za ukumbi na ngazi ya nyuma zimebaki rangi za enzi ya wapangaji, nyekundu ya udongo chini na buluu juu, ile iitwayo Reckitt's, jina linalojulikana kwa buluu ya kufulia. Mabaki ya karatasi za ukutani na linoliamu za sakafuni yalitunzwa kwa uangalifu uleule uliopewa plasta ya karne ya 18. Kwa kufanya hivyo, wahifadhi waliwatambua wapangaji kuwa ni watu walioacha alama, si doa.

Hata hivyo, umbo la usimulizi wa makumbusho linazua maswali mawili. La kwanza ni la mfuatano. Mgeni huongozwa kwa mpangilio wa wakati: huanza na enzi ya Molesworth na kumalizia katika makazi ya karne ya 20 yaliyopangwa upya kwa samani na vyombo vya nyumbani. Mpangilio huu unaeleweka kwa urahisi, ila una gharama. Kila enzi hupewa vyumba vyake, kana kwamba ya awali ilitoka kabla ya inayofuata kuingia. Jengo lenyewe halisemi hivyo. Mwaka 1911 dari ya bwana na kitanda cha mpangaji vilikuwa katika chumba kimoja. Na watumishi wa mwaka 1750 walipanda ngazi ileile iliyopandwa na watoto wa mwaka 1950. Mfuatano hupunguza makali ya ukweli huo.

Swali la pili ni la uzuri. Buluu na nyekundu zilizochakaa, tabaka juu ya tabaka, humvutia macho mgeni wa leo kwa namna ambayo hazikukusudiwa. Zilikuwa rangi nafuu za njia iliyopitwa na watu mia moja. Chumba kilichopangwa upya kwa upendo nacho huleta joto la kumbukumbu, na joto hilo ni la kweli, kwa kuwa linatokana na kauli za waliokuwa wakazi. Lakini palipo na joto pekee, kodi husahaulika. Mpangaji huonekana, aliyepokea pesa yake kila wiki hafahamiki sana. Hoja hapa si kwamba makumbusho yamewasahau maskini. Ni kwamba umaskini ukitenganishwa na biashara iliyoutegemea hugeuka kuwa hali ya hewa, jambo lililotokea tu.

Yote mawili yangepata jibu ndani ya nyumba yenyewe. Nafasi ya ngazi iliyoondolewa ndiyo mahali pekee ambapo bwana, mwekezaji na mpangaji wanakutana. Usimulizi unaoanzia hapo, badala ya kuanzia na enzi, ungemfanya mgeni aulize kwanza swali la mali: nafasi hii ilikuwa ya nani, iliuzwa kwa nani, na nani aliilipia.

Pingamizi moja linapaswa kujibiwa. Inaweza kudaiwa kuwa msomaji anayeyapa mabadiliko uzito kiasi hiki anampa kila mvunjaji wa majengo hoja ya kujitetea. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu iwapo kila badiliko lingekuwa na maana sawa. Ubomoaji wa Fitzwilliam Street haukuongeza tabaka katika matini, uliichana karatasi. Mabadiliko ya namba 14 yaliyaacha maandishi ya awali yakisomeka chini ya mapya, na ni katika kusomeka huko kwa pamoja ndipo maana inapopatikana.

8.0 Hitimisho

Tahakiki hii imeonyesha kuwa nyumba namba 14 ilijengwa kwa mpango uliotenganisha watu kwa ngazi, na kwamba kung'olewa kwa ngazi kuu mwaka 1877 kuliufichua utengano huo kwa kuiacha njia ya watumishi iwe njia ya wote. Imeonyesha pia kwamba uhakiki uliojikita katika uasilia, licha ya manufaa yake katika kuhifadhi kumbukumbu, uliwatoa wakazi halisi katika historia ya jengo huku ukirekodi dari zilizokuwa juu ya vitanda vyao.

Nyumba iliyobadilishwa, kwa hiyo, haipungui kuwa kazi ya usanifu. Huwa kazi yenye watunzi wengi zaidi. Gardiner aliweka kuta, Vance akaweka sakafu, na wapangaji wakaweka karatasi, linoliamu na rangi ya buluu. Watu 100 waliohesabiwa mwaka 1911 hawakuwa na hati ya umiliki, na hakuna jiwe lenye majina yao mlangoni. Ushahidi wao ni kuta za ngazi ya nyuma walizozipitia kila siku.